Farhat Hached: Mtoto wa Mvuvi Aliyefutwa Kazi

Mwalimu wetu wa chuo, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa na desturi ya kutufasiria majina. Kila mtoto mpya alipoletwa na mzazi wake, na ubao wake kwapani, mwalimu alimwuliza jina, kisha akalieleza maana yake mbele yetu sote. Akituambia kwamba jina ni dua ambayo mzazi humwombea mwanawe, na kwamba dua nyingine hupokewa kwa njia ambayo mzazi mwenyewe hakuitazamia.

Nimemkumbuka mwalimu wangu kwa sababu ya jina la mtu ambaye nataka kuwasimulia habari zake leo. Wafaransa waliliandika Farhat Hached, na ndivyo linavyoandikwa vitabuni hata sasa. Lakini kwa herufi za Kiarabu ni Farhat Hashshad. Farhat halihitaji mkalimani, ni hiyo hiyo furaha yetu. Ama Hashshad, asili yake ni kukusanya watu, kuwaleta pamoja makundi kwa makundi kwa ajili ya jambo moja. Mtoto wa mvuvi aliyelirithi jina hilo kisiwani alikuja kuwakusanya makuli, wakulima, walimu na makarani wa Tunisia nzima, hata waliomchukia wakaona kuwa hapana budi auawe.

Maisha yake yalikuwa mafupi. Alizaliwa mwaka 1914 akauawa mwaka 1952, akiwa na umri wa miaka 38. Nimeyasoma kwa muda mrefu, na sababu ya kuyasoma ilianzia nyumbani kwetu. Nitaieleza mahali pake.

Visiwa vya wando

Kerkennah ni visiwa vilivyo pwani ya mashariki ya Tunisia, mkabala wa mji wa Sfax, mwendo wa kilomita kama 20 hivi baharini. Nchi yake ni tambarare, haina mlima wala mto, ina mitende tu, na bahari inayoizunguka ni ya kina kifupi. Msomaji wa Lamu, wa Pate au wa Vanga akipelekwa huko hatajiona mgeni sana. Watu wake huvua kwa wando kama babu zetu walivyovua, ila wao huujenga kwa makuti ya mitende. Huyachomeka mchangani safu kwa safu, maji yakipwa samaki hufuata ukuta ule mpaka akaingia chumba asichojua njia ya kutoka. Pweza nao huwatilia vyungu vya udongo chini ya maji, kwani pweza hapendi kitu kama shimo la kujificha. Uvuvi wao huo wa wando, ambao wao huuita charfia, uliingizwa mwaka 2020 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa wanadamu.

Katika visiwa hivyo, kijiji cha El Abbassia, Farhat alizaliwa tarehe 2 Februari 1914. Baba yake alikuwa mvuvi. Wakati huo Tunisia ilikuwa chini ya ulinzi wa Ufaransa tangu mwaka 1881. Mfalme wao, aliyeitwa Bey, alikuwa bado amekaa katika kiti chake na amri zikitolewa kwa jina lake, lakini mwenye kauli alikuwa Mfaransa. Sisi wa Mwambao hatuhitaji kuelezwa sana jambo hilo. Bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar ilipepea hapa Mombasa miaka mingi, na huku amri zikitoka kwa Gavana wa Kiingereza.

Farhat alisoma shule ya msingi hapo hapo kisiwani akapata cheti chake. Kisha baba yake akafariki. Mtoto wa mvuvi akifiwa na baba, shule huwa imekwisha. Mwaka 1930, akiwa na miaka 16, alivuka maji akaenda mji wa Sousse kutafuta riziki, akaajiriwa na kampuni ya usafiri ya eneo la Sahel. Kazi yake ilikuwa kuisindikiza mizigo njiani. Yeyote aliyewahi kuwa utingo anaijua kazi ya namna hiyo: hulali mahali pamoja, wala huli kwa wakati, na mzigo ukipotea wa kwanza kuulizwa ni wewe.

Theluthi ya wakubwa

Ili msomaji afahamu alilolikuta kijana huyo, ni lazima aijue mishahara ya nchi ile. Mfaransa aliyeajiriwa serikalini Tunisia alilipwa mshahara wake, kisha akaongezwa theluthi nzima juu yake kwa sababu tu ya kuwa Mfaransa. Nyongeza hiyo iliitwa theluthi ya kikoloni. Watu wawili huweza kukaa katika ofisi moja, wakaandika daftari moja kwa wino wa chupa moja, na mwisho wa mwezi mmoja akaenda nyumbani na fedha nyingi kuliko mwenzake. Mambo ya namna hiyo wazee wetu waliyaona katika reli na bandari, ambako mishahara ilipangwa kwa rangi za ngozi.

Kabla ya Farhat alikuwapo mtu aliyejaribu kuivunja hali hiyo. Naye ni Mohamed Ali El Hammi, aliyetoka upande wa kusini karibu na Gabès. Aliwahi kuwa dereva, akaishi Ujerumani, akarudi kwao mwaka 1924. Mwezi wa Agosti mwaka huo makuli wa bandari ya Tunis waligoma, na yeye akasimama pamoja nao. Kabla ya mwaka kwisha akaunda chama cha wafanyakazi cha Watunisia wenyewe. Mwaka uliofuata serikali ilimkamata, ikamshitaki na kumfukuza katika nchi. Alihangaika ughaibuni mpaka akafika Hijazi, na mwaka 1928 akafa kwa ajali ya gari katika njia ya Jeddah na Makka. Rafiki yake Tahar Haddad, mwanafunzi wa Zaytuna, aliandika kitabu juu ya wafanyakazi wale kikachapishwa mwaka 1927, na laiti si kalamu ile, mengi yangalisahauliwa. Nasi tushikao kalamu tuzingatie hilo.

Katika mwezi wa Novemba 1932 ilitoka amri ya Bey iliyoruhusu vyama vya wafanyakazi nchini Tunisia. Farhat hakungoja kuambiwa mara mbili. Aliwakusanya wenzake wa kampuni ya usafiri katika chama, kikawa tawi la shirikisho la Kifaransa lililoitwa CGT. Huko alifanya kazi pamoja na Mfaransa mmoja, Albert Bouzanquet, aliyeuona uwezo wake akampa madaraka ya mtaa, kisha ya wilaya. Nataja habari hiyo kwa ajili ya insafu. Si kila Mfaransa alikuwa adui, na Farhat mwenyewe hakuwa na chuki ya watu kwa rangi zao. Ufundi wa kuendesha chama, wa kuandika barua kwa mwajiri, wa kuhesabu ada na kuitisha mkutano, aliupata katika shirikisho hilo.

Mwaka 1939 kampuni ikamfuta kazi. Haikumwona mwizi wala mlevi, wala hakuwa mvivu. Shughuli zake za chama ndizo zilizomtoa.

Tundu katika wavu

Hapa nasimama kidogo, kwani hapa ndipo penye kiini cha habari yangu.

Mtu aweza kuuliza: vipi kijana huyu afukuzwe kwa sababu ya chama mwaka 1939, ilhali amri ya mwaka 1932 imekwisha kuruhusu vyama? Jibu ni kwamba kuruhusu ni jambo moja na kulinda ni jambo jingine. Sheria ikisema chama ni halali, lakini ikamwachia mwajiri uhuru wa kumtoa mwanachama siku aipendayo, basi sheria hiyo ni wavu wenye tundu. Samaki wakubwa wote hupitia hapo hapo kwenye tundu. Na waajiri wa dunia nzima walilijua tundu hilo. Hawakuandika katika barua kwamba fulani anafukuzwa kwa sababu ya chama. Waliandika kwamba kazi zimepungua, au kwamba fulani hana adabu kwa wakubwa, au kwamba huduma zake hazihitajiki tena. Na palipotokea mgomo, walifukuza watu wote siku moja, kisha wakawaita mmoja mmoja kuwaandika upya, na walioachwa nje ya mlango wakawa ni wale wale viongozi wa chama.

Barua ya namna hiyo niliiona kwa macho yangu nikiwa mtoto wa miaka kama kumi. Baba yangu alikuwa karani katika ghala moja hapa Mombasa, na wenzake walikuwa wamemwamini kuwakusanyia ada ya chama. Waligoma siku tatu. Siku ya nne walirudi kazini, na mwisho wa wiki watu kumi na wanne walipewa barua, baba akiwamo. Nakumbuka aliiweka juu ya meza akaenda kuswali Alasiri, na mama hakuigusa mpaka aliporudi msikitini. Barua haikutaja chama hata kwa herufi moja.

Tulikuwa watoto sita. Miezi miwili ilipita, duka la mtaani likaanza kutukatalia mkopo. Kisha baba akaitwa. Aliwekewa karatasi ya pili, kwamba atarudishwa kazini iwapo atatia sahihi kuwa amejitoa chamani. Akatia sahihi. Rafiki yake mmoja aliitwa siku hiyo hiyo akakataa, na tangu hapo akawa akiuza kahawa na kashata barazani mpaka alipokufa. Baba alinunua kahawa kwake kila jioni, na sikuwasikia hata siku moja wakilizungumza jambo lile.

Nilipobaleghe nikaanza kusoma magazeti, nilimwona baba kuwa ni mtu dhaifu. Sikumwambia, lakini nadhani alijua. Nikawa natafuta habari za watu ambao hawakutia sahihi, na katika kutafuta ndipo nilipomkuta Farhat.

Sheikh na kuli katika ukumbi mmoja

Farhat alipofukuzwa, vita vikuu vilikuwa vimewadia. Serikali ya Vichy iliyotawala baada ya Ufaransa kushindwa na Ujerumani ilipiga marufuku shughuli za vyama. Mwishoni mwa mwaka 1942 majeshi ya Ujerumani na Italia yaliingia Tunisia, na nchi ikawa uwanja wa vita mpaka Mei 1943. Katika dhiki hiyo Farhat alijitolea katika Hilali Nyekundu kuwahudumia majeruhi. Baada ya hapo akapata kazi ya serikali katika idara ya ujenzi huko Sfax, ng'ambo tu ya kisiwa chao. Akaoa, mkewe akiitwa Bi Emna, na Mola akawaruzuku watoto wanne.

Mtu mwingine aliyekwisha kuonja kufukuzwa angalishukuru kwa mshahara wa serikali akanyamaza. Yeye alirudi chamani. Lakini safari hii aliliona jambo ambalo ujana ulimfanya asilione. Shirikisho la Kifaransa lilipigania mshahara, lakini halikutaka kugusa suala la nani mwenye nchi, na haja za Mtunisia zilikuwa zikingoja nyuma ya haja za Mfaransa. Mwaka 1944 alijitoa, na mwezi wa Novemba mwaka huo akaunda muungano wa vyama huru vya kusini, makao yake Sfax. Baadaye vyama vya kaskazini navyo vikaungana.

Tarehe 20 Januari 1946, katika jumba la elimu la Khaldounia mjini Tunis, vyama vya kaskazini na kusini vikawa kitu kimoja, yaani Muungano Mkuu wa Wafanyakazi wa Tunisia, ambao dunia inaujua kwa herufi UGTT. Farhat akachaguliwa katibu mkuu, naye hajatimiza miaka 32. Na rais wa kwanza alikuwa nani? Alikuwa Sheikh Mohamed Fadhel Ben Achour, mwanachuoni wa Zaytuna, mwana wa Sheikh Mohamed Tahar Ben Achour ambaye tafsiri yake ya Kurani yajulikana na wanavyuoni kila mahali. Fadhel mwenyewe baadaye alikuwa Mufti wa Tunisia.

Jambo hilo lanifurahisha kila nilikumbukapo. Wako kwetu wanaodhani kwamba mambo ya vyama vya wafanyakazi ni ya watu wasio na dini, na wako wengine wanaodhani kwamba mwenye kilemba hana haja na mishahara ya makuli. Tunisia ya mwaka 1946 iliwakadhibisha wote wawili. Sheikh aliyelelewa katika fiqhi ya Imam Malik aliketi meza moja na msindikizaji mizigo aliyefutwa kazi. Wala haikuwa ajabu, kwa kuwa Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alituusia tumlipe mfanyakazi ujira wake kabla jasho halijamkauka. Mwenye kuusoma usia huo darasani asione haya kuufuata mpaka bandarini.

Mwaka wa migomo

Mwaka 1947 haukuwa mwepesi kwa wafanyakazi wa Afrika. Tarehe 13 Januari mji wetu wa Mombasa uliingia katika mgomo mkuu. Watu wapatao 15,000 wa bandari, reli, hoteli na majumbani waliweka kazi chini kwa muda wa siku kumi na mbili hivi. Kiongozi wa chama kilichotokana na mgomo huo, Chege Kibachia, alikamatwa mwaka huo huo akapelekwa kufungiwa Kabarnet miaka kumi. Huko Tunisia, mwezi wa Agosti, wafanyakazi wa Sfax waligoma kwa ajili ya mishahara. Tarehe 5 wanajeshi walitumwa kuuvunja mgomo kwa risasi, na karibu watu 30 waliuawa. Habib Achour, mwenzake Farhat na mtoto wa kijiji kile kile cha El Abbassia, alijeruhiwa akakamatwa.

Mwezi wa Novemba 1950 ikawa zamu ya vibarua wa mashamba makubwa ya Enfida. Nao walipigwa risasi, baadhi yao wakafa. Farhat aliandika juu ya mambo hayo katika magazeti, kwa lugha nyepesi aliyoifahamu kuli. Alikuwa msemaji mpole, hakupenda makelele, na picha zake zamwonesha mtu wa masharubu, mwenye uso wa ukarimu.

Nyumba ya wafanyakazi ilikuwa imekwisha kuwa nyumba ya taifa zima. Mwaka 1951 UGTT ikajiunga na shirikisho la vyama huru vya dunia lililokuwa na makao Brussels, na Farhat akaingizwa katika kamati yake kuu. Mwaka huo alikwenda Marekani, mji wa San Francisco, pamoja na Habib Bourguiba, kuwaeleza wafanyakazi wa huko habari za nchi yao. Kijana aliyeacha shule kwa kufiwa na baba alikuwa sasa anasikilizwa na watu wa mabara matatu. Na alijua kwa nini anasafiri. Mtu mwenye rafiki mbali huwa ni vigumu kumnyonga gizani.

Asubuhi ya Radès

Januari 1952 Wafaransa walimkamata Bourguiba na viongozi wengi wa chama chake. Miezi miwili baadaye wakamkamata hata Waziri Mkuu wa Bey. Kwa kuwa waliobaki nje walikuwa wachache, mzigo wote ulimwangukia Farhat. Vyama vya siasa viliweza kufungwa kwa kufuli, lakini chama cha wafanyakazi kilikuwa na marafiki Marekani na Ulaya, ikawa haya kukifunga. Basi katibu wa makuli ndiye aliyekuwa kiongozi wa harakati nzima. Kiangazi cha mwaka huo Bey aliwaita watu arobaini kumshauri juu ya mapendekezo ya Wafaransa, Farhat akiwa mmoja wao, na mapendekezo hayo yakakataliwa.

Vitisho vilizidi. Gazeti moja la Kifaransa likaandika waziwazi kwamba aondolewe. Farhat aliihamisha familia yake, akabaki peke yake nyumbani kwake Radès, kitongoji kilicho kusini ya Tunis.

Ijumaa ya tarehe 5 Desemba 1952, asubuhi, alitoka nyumbani kwa gari lake. Gari jingine likamfuata, wakammiminia risasi. Alijeruhiwa lakini hakufa, akajikokota akatoka nje ya gari kuomba msaada. Likaja gari la pili, watu wake wakajifanya wasamaria wanaompeleka hospitali. Hao ndio waliommaliza, wakautupa mwili kando ya njia. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Waliohusishwa na mauaji ni kundi la siri lililojiita Mkono Mwekundu. Mwaka 2009 mmoja wa watu wake wa zamani alitokea katika televisheni akaeleza kuwa kundi hilo lilikuwa mkono wa idara ya ujasusi ya Ufaransa, na mwaka 2013 Rais François Hollande alipozuru Tunis aliikabidhi familia ya marehemu nyaraka za serikali juu ya kifo hicho. Mbele ya mahakama hakusimamishwa mtu.

Maiti ilipelekwa Kerkennah kwa njia ya bahari. Alivuka maji yale yale aliyoyavuka akiwa na miaka 16, akazikwa kwao. Huko Casablanca wafanyakazi wa Morocco waligoma kumwombolezea, wakauawa wengi. Maandamano yalitokea Cairo, Damascus na hata Karachi. Hapa Kenya wakati huo hali ya hatari ilikuwa imekwisha kutangazwa tangu Oktoba, Makhan Singh alikuwa kizuizini tangu mwaka 1950, na Fred Kubai alikuwa korokoroni. Bi Emna alibaki mjane akiwa na miaka 22.

Tunisia ilipata uhuru tarehe 20 Machi 1956. Mwaka mmoja kabla ya hapo mifupa ya Farhat ilihamishwa ikazikwa upya mjini Tunis, pale Kasbah. Lakini nisimdanganye msomaji kwamba uhuru ulimaliza kila kitu. Tarehe 26 Januari 1978 mgomo mkuu wa UGTT ulijibiwa kwa risasi za serikali ya Watunisia wenyewe, na Habib Achour, yule yule aliyejeruhiwa Sfax mwaka 1947, akatiwa gerezani. Hata hivyo nyumba aliyoijenga Farhat haikuanguka. Mwaka 2015 UGTT ilikuwa mmoja wa washirika wanne waliopewa Nishani ya Nobel ya Amani kwa kuiepusha nchi na fitina.

Karatasi juu ya meza

Mwaka 1949, miaka kumi kamili baada ya Farhat kufutwa kazi, Shirika la Kazi la Dunia lilipitisha mkataba namba 98. Mkataba huo ulikuja kuliziba lile tundu la wavu. Wasema kwamba haifai mtu kupewa kazi kwa sharti la kuacha chama, wala kufukuzwa kwa kuwa ni mwanachama. Kenya iliutia sahihi mwaka 1964. Sheria yetu ya Ajira ya mwaka 2007 yataja wazi kwamba kuwa mwanachama, au kushiriki katika mgomo halali, si sababu ya haki ya kumwachisha mtu kazi, na Katiba ya mwaka 2010 ikaiweka haki ya kugoma katika kifungu cha 41. Aliyefukuzwa kwa sababu hiyo ana mlango wa mahakama ya kazi. Na aende, asikae nyumbani akidhani barua ya mwajiri ndiyo neno la mwisho.

Kwa miaka mingi nilimweka Farhat upande mmoja na baba yangu upande wa pili, nikawapima. Kisha nikatambua kuwa mizani yangu ina walakini. Farhat alipofutwa kazi mwaka 1939 alikuwa kijana wa miaka 25, asiye na mke. Hilo lilinipa sababu ya kumsamehe baba. Lakini alipouawa alikuwa na watoto wanne wadogo, na bado hakurudi nyuma. Basi hesabu haikutoka sawa, wala haitatoka. Wako watu ambao Mwenyezi Mungu amewapa kifua hicho, nao ni wachache, na haiwi haki kuwaandalia wengine wote mitihani ya kuwapima kama ni miongoni mwao.

Siku hizi sitazami tena mkono wa baba uliotia sahihi. Nautazama mkono ulioiweka ile karatasi juu ya meza mbele ya mtu mwenye watoto sita. Farhat alitaka dunia ambayo karatasi hiyo haiwekwi, na mtu wa kawaida, asiye shujaa, aweza kuwa mwanachama na asilale na njaa. Muuza kahawa aliyekataa na karani aliyekubali wote walionewa na mkono mmoja, na labda ndiyo sababu waliweza kunywa kahawa pamoja kila jioni bila ya kulaumiana.

Wote wawili wamekwisha kututangulia. Mwenyezi Mungu awarehemu, amrehemu na Farhat mtoto wa mvuvi wa Kerkennah, na awape riziki ya halali wale ambao leo hii wameamka hawana pa kwenda kwa sababu waliyasema ya haki. Amin.